Siku Waumini Walipomfuata Mama Nyumbani

Ujanani sikujua kutulia. Nilikuwa nesi kwenye zahanati moja ya Iyula, miaka ya tisini mwanzoni, na hata chai niliinywa nimesimama. Kwenye nyumba ya watumishi niliishi na mkunga mzee, mama wa Kizungu kutoka Uholanzi, aliyekuja kutufundisha kuzalisha. Mkali huyo! Ila nilimpenda kuliko shangazi zangu wote.

Siku moja tukichambua maharage akaniambia yeye ni Myahudi. Wakati wa vita, Wanazi walipokuwa wakiwakusanya Wayahudi kwenda kuwaua, wazazi wake walichukuliwa. Yeye alifichwa na mkulima mmoja nyuma ya ukuta wa mbao, kwenye nafasi ya kutosha kitanda tu. Alikaa humo miaka miwili, akikohoa kwenye mto wa kulalia ili asisikike.

"Hapa hajui mtu," alisema. "Nimekwambia wewe tu, mwanangu."

Wiki nzima ulimi uliniwasha. Kwetu Myahudi ni mtu wa kwenye Biblia, wa ukoo wa Ibrahimu, na huyu hapa alikuwa akila maharage yangu! Nikajidanganya kwamba jambo la heshima namna hiyo haliwezi kuwa siri. Jumapili ya mavuno, mama akiwa amebaki nyumbani, nilisimama wakati wa matangazo.

"Wapendwa, mkunga wetu ni wa taifa teule!"

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Ikaamuliwa palepale apelekewe sehemu ya mavuno. Tukateremka wote na ngoma, mahindi na majogoo, mimi mbele nikijiona mtu. Watu wakaizunguka nyumba, wengine wakachungulia madirishani. Wanaume wakagonga mlango kwa furaha.

"Hodi! Mama Myahudi, toka nje tukuone!"

Hakuitika mtu. Nikapita mlango wa nyuma. Mezani chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke. Nikatafuta chumbani, jikoni, chooni. Nilimkuta stoo, amejibanza nyuma ya magunia ya kahawa, upindo wa gauni ameujaza mdomoni. Nje walikuwa wakiimba kwa nguvu zaidi.

"Mama, ni watu wetu. Wamekuletea kuku."

Alinitazama kama hanijui. Akautoa ule upindo.

"Nani amewaambia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kumsingizia mtu, lakini macho yale hayakunipa nafasi.

"Mimi, mama. Nisamehe."

Nilingoja anifukuze, au anizabe kibao, kwa kuwa nilistahili. Badala yake alisukuma gunia moja kwa bega, akajisogeza ukutani, akanishika mkono.

"Ingia, upesi," alinong'ona. "Huwa wanawachukua hata wanaoishi na sisi."

Nikaingia, nikalia humo pembeni yake.