Herufi Mbili za Kanailal Mahato

Kanailal Mahato hakuwa mtu wa kupendeka, na anayebisha hajawahi kuchelewa kipindi chake. Miaka ishirini na sita katika chuo cha Belkuri, huku kwetu Jharkhand kwenye makaa ya mawe, alifundisha jambo moja: kugonga paa la mgodi. Unagonga jiwe la juu kwa fimbo yenye ncha ya chuma, kiganja cha pili umekibandika hapohapo, na unasikiliza. Likilia kama kengele, jiwe ni zima. Likijibu kama ngoma, limeachana na lililo juu yake, na wewe achana nalo upesi.

Darasa lake lilikuwa handaki la mita arobaini, limechimbwa kwenye kilima nyuma ya mabweni. Kila asubuhi aligusa picha ya mungu wetu wa kike, Mama Kali, mlangoni, akaingia peke yake, akagonga hadi mwisho, akatoka na kuandika kwa chaki, kwenye ubao wa mlangoni, tarehe na herufi mbili: K.M. Bila herufi hizo haingii mtu, hata awe waziri.

Alipoanza kazi alikuwa na wanafunzi sitini kwa mwaka. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, tena masalio. Chuo kinaruhusu wenye alama nzuri kuhama idara baada ya mwaka wa kwanza, na wote huhamia kompyuta. Kwenye uchimbaji hubaki walioshindwa kukimbia. Baba yangu, aliyekohoa makaa miaka thelathini, alilia niliposajiliwa, na yale hayakuwa machozi ya furaha.

"Punda wangu kumi na mmoja," Mahato alitusalimia siku ya kwanza. "Kuna anayejua kwa nini yuko hapa?"

"Hesabu, Mwalimu," nikasema. "Zilinikataa."

"Paa halitakukataa. Litakukumbatia. Shika fimbo."

Mkuu wa Kitivo, Profesa Sahay, hakuwahi kushika fimbo ile. Yeye alinunua miwani mikubwa ya kuvaa usoni, ukiivaa unaona mgodi wa Australia, msafi kuliko jiko la mama yako. Kisha, mwezi wa pili, idara ya kompyuta ikafanya tamasha lake, na Sahay akatoa magogo yote ya akiba ya kuegemezea paa yakajenge jukwaa la muziki. Mahato aliandika barua tatu kuyadai. Hakujibiwa hata moja.

Mwezi wa tatu wakaja wakaguzi kutoka Delhi. Tulishaambiwa wazi: idara isiyo na mgodi wa mafunzo unaoingilika haitapokea tena wanafunzi. Tukaosha helmeti, tukafagia njia, na mimi, msinicheke, nikapiga pasi shati.

Mahato aliingia saa mbili. Akakawia. Alipotoka hakuigusa chaki.

"Baada ya nguzo ya saba ni ngoma," akasema. "Nataka magogo manne. Yako wapi?"

"Wiki ijayo, Mahato," akasema Sahay, macho yakiwa kwenye gari la wageni lililokuwa likikunja kona. "Leo andika tu."

"Niandike nini?"

"Hizo herufi zako! Ni handaki la watoto kujifunzia. Wataingia dakika tano watoke."

"Jiwe halina saa, Mkuu."

"Unajua ukikataa ni nini kinakufa hapa?"

"Najua kuliko wewe. Wewe ulikuwa kwenye muziki."

Tukacheka. Sahay akageuka mwekundu, akatuambia tufunge midomo. Wageni walikuwa wameshashuka. Aliyewaongoza, Bi Tirkey, mama mnene mwenye buti za mgodini zilizochakaa kweli, akasimama akitazama ubao ule mtupu.

"Mwalimu, tunaingia?"

Sahay akamwahi. "Mnaingia, Madam! Mzee amesahau tu kuandika."

Mahato akampa chaki mbele ya wote. "Andika wewe. Weka herufi zako, kisha utangulie."

Profesa mzima alikishika kile kipande cha chaki kama mtu aliyekabidhiwa nge. Tulisubiri. Bi Tirkey alisubiri. Hatimaye Sahay akasema anaona ni vyema wageni waanze na miwani.

Bi Tirkey hakwenda kwenye miwani. Alimpa Mahato mkono, kisha akaandika alichokiona: mgodi wa mafunzo hauingiliki. Mwezi wa saba orodha ya wanafunzi wapya ikabandikwa getini, na uchimbaji haumo. Sisi tuliokuwamo tukaambiwa tuhamie ujenzi au twende nyumbani. Nilikwenda nyumbani na nusu ya diploma, na kabla ya kuondoka nilimpigia kelele yule mzee uwanjani, maneno ambayo singependa mama ayasome hapa.

Paa lile halijaanguka. Sahay hulitaja kila kikao, kwa raha kabisa, kana kwamba yeye ndiye analishikilia.

Majuzi nilimkuta Mahato kwenye kibanda cha chai cha Pandey, anasaga tumbaku kiganjani. Nikamuuliza bila salamu, maana hasira yangu ilikuwa haijaisha:

"Mwalimu, ulipokataa kuandika, ulijua kweli kwamba idara itafungwa?"

"Nilijua nikiwa bado ndani," akasema. "Unadhani nilikawia kwa nini?"

Akaiweka tumbaku chini ya mdomo, akasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa. Sikukaa.