Majuma Kumi na Moja Bila Mlango

Ingunn alikuwa na miaka kumi, na dhuluma hakuiweza. Mtu akiruka foleni dukani, yeye alimkazia macho mpaka akarudi nyuma. Ndiyo maana jambo la mlango wa choo lilimkaa kooni.

Lilianza Februari. Mvua ilinyesha siku kumi na tisa mfululizo, mbao zikavimba, na mlango wa choo ukawa haufungi mpaka uusukume kwa bega. Baba yake, Oddvar, mwalimu wa jiografia, akaung'oa kwenye bawaba akasema anaupiga randa kidogo tu, na utakuwa umerudi kabla viazi havijaiva. Viazi viliiva, vikaliwa, vyombo vikaoshwa. Mama yake, Torill, akatundika pazia lenye picha za samaki, eti la muda.

Mwezi wa tano ulipoingia, pazia lilikuwa bado linaning'inia pale pale. Ikatungwa sheria kwamba aliye ndani aimbe, ili wa nje wajue pana mtu. Torill aliimba nyimbo za kanisani. Oddvar alipiga mluzi. Ingunn hakuona kwa nini akiimbie choo, basi akawa anasoma jedwali la kuzidisha la saba kwa sauti, amenuna. Kila alipomkumbusha baba yake, aliambiwa Jumamosi hii haipiti. Zilipita kumi na moja.

Kilichommaliza subira ni msoma mita. Alikuja Jumanne mchana, na mita ya maji imefungwa ukutani humo humo chooni. Torill alikuwa kwenye simu, akamwonyesha njia kwa kidole. Ingunn alikuwa humo ndani, amefika saba mara nane, akasita, kwa kuwa hapo hukwama siku zote. Kimya kile kikamponza. Pazia likavutwa.

"Habari za mchana," alisema yule bwana, akavua kofia. "Ni hamsini na sita."

Ingunn alitoka nyumbani bila koti, uso umemwiva, akaenda moja kwa moja kwenye banda la baba yake nyuma ya nyumba. Mlango aliuona. Ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili, umekuwa meza. Juu yake palikuwa na makopo ya rangi, kipande cha mkate na jibini, na nyumba tatu za ndege zilizokwisha kupakwa rangi nyekundu. Kila moja ilikuwa na kimlango kidogo, kimepigwa msasa vizuri, kinafunguka na kufunga bila hata kulia.

"Baba, hawa ndege wanaona haya?" alimwuliza Oddvar, aliyekuwa ameinama humo na brashi mkononi.

"Nilikuwa nazoeza mkono kwanza, mwanangu."

"Wana milango mitatu. Na hata hawajahamia."

Oddvar akasema anachelewa kikao cha walimu, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Ingunn hakulia. Alivuka barabara akamgongea Bibi Aslaug, aliyekuwa msimamizi wa majengo ya shule kwa miaka thelathini, akamweleza yote, hata hamsini na sita. Bibi Aslaug alisikiliza huku akifunga kamba za viatu. Alisema mtu mzima kuvunjiwa heshima chooni ni jambo la kupeleka mahakamani, na mtoto naye vivyo hivyo. Kisha akabeba randa yake.

Wakaenda bandani, wakapanga makopo chini, wakaukaza mlango usicheze. Bibi Aslaug alipiga upande mmoja, akampa Ingunn mwingine. Hasira ilikuwa mikononi, vumbi la mbao likaruka, na kabla hajaambiwa basi, randa ilikuwa imekula kipande kizima cha chini. Walipoutundika ulifunga vyema, komeo likaingia, ila chini palibaki uwazi wa kupita paka.

"Miguu si siri," alisema Bibi Aslaug, akaenda zake.

Oddvar aliporudi alisimama mbele ya mlango muda mrefu. Alisema wangemngojea; Jumamosi hii alikuwa amekusudia kweli. Torill, ambaye hajui kuficha kicheko, akakimbilia jikoni. Oddvar akaingia chooni akajifungia, na viatu vyake vikaonekana pale chini, havitembei.

"Niliogopa kuuharibu," sauti yake ilitoka ndani. "Babu yako alikuwa akisema mikono yangu ni ya kushika chaki tu. Nyumba za ndege, ukikosea, hakuna anayejua."

Ingunn alikuwa na maneno mengi ameyapanga tangu mchana. Aliviangalia vile viatu, kimoja kimefungwa vibaya.

"Mimi nimekosea kule chini," alisema. "Kila mtu ataona, na bado mlango unafunga."

Baba yake akauliza randa hushikwaje hasa, maana yeye kila mara humkwama katikati. Ingunn akamwambia atamwonyesha Jumamosi, saa nne kamili, kwenye kabati la jikoni ambalo nalo halina mlango. Akamwambia pia kwamba bado amemkasirikia, na kwamba atoke, kwa sababu kuna wengine wanaosubiri.