Gesche na Mwimbaji Wake wa Mwisho

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Jumapili. Gesche Tammen anavaa viatu vyake laini vya kupigia kinanda, kisha anatazama kioo kidogo kilichopachikwa kwenye mabomba ya kinanda, kule juu roshanini. Mpiga kinanda huketi akiwapa waumini kisogo, kwa hiyo huwaona humo. Leo anaona kofia moja.

"Amekuja," ananong'ona.

Mwenye kofia ni Folkert Wilts, mfugaji mstaafu wa miaka 83. Usharika wetu huku vijijini, pwani ya Frisia ya Mashariki, una sharti lake: ibada haifanyiki bila watu watatu. Pasta wa kwanza, Gesche wa pili, Folkert wa tatu.

Wimbo wa leo ni wa kale, wa Kilutheri. Watu wanaimba ubeti, kisha kinanda kinaupokea na kuugeuza: mara mbiombio, mara kwa huzuni, mara miguu peke yake, kwenye kanyagio za kinanda, ndiyo inayobeba sauti ya wimbo. Halafu ubeti unaofuata. Mtunzi, miaka mia tatu iliyopita, aliugeuza mara nane.

"Zamani walikuwa mia na kitu, wananizamisha kabisa," anasema Gesche, 64, aliyeanza kazi hii miaka 38 iliyopita na leo analipwa yuro arobaini kwa ibada. "Sasa nasikia hata meno ya bandia ya Folkert."

Baada ya ibada, kama kawaida, Gesche na Folkert walikunywa chai katika sakristia, chumba cha pembeni mwa kanisa.

"Leo umeukokota wimbo, mzee," Gesche alimchokoza.

"Wewe ndiye unayekimbia, binti. Unafukuzwa na nani?"

Kisha Folkert akasema polepole: "Alhamisi nahamia kwa mwanangu, mjini Oldenburg. Ngazi za nyumbani zimenishinda."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ningekuambia, ungepiga vibaya."

Gesche alichukua kijiko akakoroga chai yake. Kwetu chai haikorogwi, krimu huachwa ielee juu na sukari ikae chini, hata mtoto anajua. Folkert aliona, akamsogezea sukari.

Alhamisi alihama kweli. Nilimkuta Gesche kanisani kesho yake, Ijumaa, anapangusa benchi zisizokaliwa na mtu, akanisimulia hayo yote.

"Nyumbani upweke nimeuzoea tangu mume wangu afariki," aliniambia. "Hapa sijauzoea, na sitaki kuuzoea. Nikishuka nikae chini, kinanda kinanyamaza. Nikipanda, hakuna wa kumpigia."

Pasta amempa hadi kesho Jumamosi ampate mtu wa tatu. Asipopatikana, kanisa litafungwa mpaka Pasaka.

Hata hivyo Gesche amepanga kuja Jumapili. Atafungua mlango kwa ufunguo wake, apige geuzo la kwanza, angoje ubeti mzima upite kimya, kisha apige la pili.

"Mara zote nane?" nilimuuliza.

"Zote." Aliweka kitambaa chini, akanitazama. "Na wewe, Jumapili una kazi gani?"

Nilimwambia mimi siimbi, tena tangu nipate kipaimara sijakanyaga ibada.

"Sikukuuliza hayo," alisema. "Nimeuliza una kazi gani."