Jina Lililofunikwa na Rangi

Nicolasa Yampara alifika kwenye dirisha la nyaraka kwa mara ya nane, na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani mlikuwa na barua saba, na zote zilisema jambo moja: hakuna kumbukumbu.

Alikuwa amepika miaka kumi na mitano katika kambi ya barabara, kilomita ya 92 kutoka mji wa Potosí. Sasa magoti yalikuwa yamekwisha, na bado kila alfajiri alikokota sufuria ya supu ya karanga hadi sokoni. Akithibitisha miaka kumi na mitano kamili, angepata pensheni na kuitua sufuria ile. Serikali ilikuwa imeona kumi na minne na mwezi mmoja. Miezi kumi na mmoja haikuonekana popote.

Kila serikali iliyoingia iliipa ofisi ya barabara jina jipya. Watu walikuwa wale wale, koleo zile zile, vumbi lile lile. Lakini katika kompyuta kila jina lilikuwa ofisi nyingine, na waliobadilisha majina hawakuwahi kupanga foleni.

"Mama Nicolasa, umerudi!" alisema Wilder, karani. "Wiki usipokuja nitakufuata nyumbani."

"Ukija, njoo na karatasi yangu. Supu nitakupa bure."

Wilder alibonyeza, akasubiri, akatikisa kichwa. "Nimejaribu kila ofisi yenye neno barabara. Hii mashine haijui kambi wala kilomita, inataka jina la ofisi. Mwaka ule iliitwaje hasa?"

"Sisi tuliiita Barabara tu. Namenya viazi vya watu arobaini, nikariri majina saa ngapi?"

"Basi muulize msimamizi wenu."

"Yuko makaburini. Nenda wewe ukamuulize."

Foleni ikacheka. Mzee mmoja nyuma yake akasema, "Mimi wa kilomita 120, mwaka huo huo. Nina barua tano."

"Tano? Wewe bado mwanafunzi, baba."

Alikwenda kukaa kwenye benchi kupumzisha magoti, na hapo akakumbuka Jumanne ya Karnivali, sherehe za kabla ya Kwaresima. Kila mwaka siku hiyo walibariki mashine, wakizimwagia bia na kuzirushia karatasi za rangi. Mwaka mmoja walichelewa hadi jioni, bia ikapata moto, kwa sababu msimamizi alikuwa ameamriwa kuandika jina jipya kwenye mlango wa greda na rangi ilikuwa haijakauka. Jina la zamani hawakulikwangua. Hawakukwangua hata moja. Walipaka juu yake tu.

Kesho yake alipanda lori la viazi hadi kilomita ya 92. Kambi ilikuwa imebaki kuta. Greda ilikuwepo, haina magurudumu, mlango umeliwa na kutu upande mmoja. Akatoa kisu cha jikoni, akakwangua. Rangi ya buluu ikatoka na jina lake, kisha ya kijani na lake, yote mawili yenye neno barabara. Vidole vilimuuma na upepo ulimwingiza vumbi machoni. Chini ya kijani, kwenye manjano, herufi zikajitokeza: KURUGENZI YA KUUNGANISHA MIKOA.

Neno barabara halikuwemo. Alitaka kucheka, akakosa nguvu.

Aliporudi mjini na kulisoma jina hilo dirishani, Wilder aliandika, na orodha ikafunguka papo hapo. Kambi nzima ilikuwemo, na chini kabisa: Yampara, Nicolasa, mpishi. Miezi kumi na mmoja.

"Imepatikana, mama!"

"Ilikuwemo siku zote?"

Wilder aliinamisha macho. "Siku zote."

Aliipokea karatasi yenye muhuri, akaikunja, akaisukuma kifuani. Kisha akaomba kalamu. Akazigeuza zile barua saba moja moja, na nyuma ya ya kwanza akaandika jina la ofisi polepole, kwa herufi kubwa. Akampa mzee wa kilomita 120, aliyekuwa tena kwenye foleni.

"Nenda nyumbani ukapumzike, mama," alisema Wilder. "Yako imekwisha."

"Nitapumzika." Akavuta barua ya pili. "Nani mwingine hapa alifanya kazi Barabara?"