Pajama Ndani ya Pango la Meksiko

Aibu iliyonipata Birmingham mwanzoni mwa miaka ya sabini ingempata mwingine angehama mji, ila mimi sikuwa na nauli. Basi sikilizeni, na mcheke taratibu.

Nilikuwa nasomea mambo ya kale, na mwalimu wetu alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Meksiko, ambako chini ya piramidi moja kubwa lilikuwa limegunduliwa pango refu, jembamba, na inasemekana watu wa kale waliabudu humo kwanza ndipo wakajenga mlima ule wa mawe juu yake (habari hiyo ilinikosesha usingizi kwa furaha). Tukaandaa maonyesho ya wananchi, tukaunda njia ya mbao iliyofunikwa pande zote, nyembamba kama lile pango linapobana, ili watu waone watafiti wanavyotambaa. Mwalimu alipouliza nani atatambaa, mkono wangu ukawa wa kwanza, maana nilikuwa nimemwalika Esther, nesi wa kwetu Machakos aliyekaa mtaa wa Sparkbrook, na nilikusudia nikishang'ara nimwombe uchumba.

Sasa siku hiyo baridi ilikuwa kali, nami (kama wengi tuliotoka nyumbani, msijifanye) nilivaa pajama, juu yake shati na suruali, juu yake sweta mbili, halafu koti. Nikatambaa vizuri mpaka katikati, nikakwama. Mbele siendi, nyuma sirudi.

Bharat, Mhindi wa Kisumu niliyesoma naye, akainama kwenye tundu akasema kwa Kiswahili, ili Wazungu wasituelewe, "Ndugu yangu, toa hiyo coat."

"Haitoshi. Hata sweta zimebana."

"Basi toa zote."

"Siwezi, Bharat. Ndani niko na pajama."

Neno hilo nililisema kwa sauti, na mbao zikalipeleka ukumbi mzima, nami nimesahau kabisa kwamba Esther amekaa safu ya mbele na manesi wenzake, wote wa kutoka nyumbani. Walicheka mpaka mwalimu akauliza kuna nini, na nesi mmoja akamtafsiria neno kwa neno, na hapo ukumbi wote ukaangua kicheko.

Sikuwa na la kufanya. Nikavua humo humo kwa kujinyonganyonga, suruali nayo ikanaswa na msumari ikabaki, nikatokea upande wa pili kwa tumbo, nimevaa pajama ya mistari, na watu wakapiga makofi kama nimetoka Meksiko kweli.

Uchumba nikauweka kando, nikamfuata Esther nje nimwombe radhi tu. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Mutua, mimi nilikuwa nakuogopa," akasema. "Kila siku piramidi, kila siku watu wa kale, nikasema huyu ni professor, hataniona mimi. Kumbe unasikia baridi kama sisi. Haya, ulitaka kuniambia nini?"

Nilimwambia palepale, meno yakigongana, na alikubali kabla sijamaliza. Furaha yangu siwezi kuieleza. Lakini niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: nikiwa ughaibuni, jambo la siri nalisema kwa Kiingereza.