Yowe Lililorushwa Grupuni

Kwetu Karagwe yowe halitaji mahali. Jirani akipatwa na balaa anapaza sauti, na wewe unayesikia unalipokea na kulipaza zaidi, huku miguu ikifuata masikio. Hakuna anayepoteza pumzi kusema "njooni kwa fulani". Sauti yenyewe inakuonyesha kilima.

Sasa lichukue yowe hilo ulitie kwenye simu uone!

Mvua ile ya mawe ilinikuta Bugene, kwenye cherehani yangu. Upepo unang'oa mabati mchana kweupe, na mimi roho juu, maana mama yangu anaishi peke yake Ihembe, kwenye nyumba ya udongo ya zamani, na simu ameikataa katakata. Mara grupu la kwaya likaita. Mtu karusha sauti, mwanamke analia: "Yoweee! Nyumba imeanguka, bibi yuko ndani! Njooni jamani!" Basi. Wapi? Hakuna.

Na watu wetu walivyo waungwana, kila aliyelisikia alilipokea. Grupu la kahawa likarusha, la wazazi wa shule likarusha, hata la wauza vitenge! Nje, bodaboda walishapakia watu na majembe. Hawa wanasema ni Rugu, wale wanasema ni Kyerwa, wanagombana katikati ya barabara. Nikapandwa na hasira, nikaandika, "Yowe la wapi, nyie watu?" Wakanijibu kwa kunirushia yowe lile lile!

Nikabana simu sikioni, nikalisikiliza upya. Yule mwanamke sikumtambua, mvua ilimmeza. Lakini nyuma yake, kama mtu aliye ndani ya mtungi, kulikuwa na sauti nyingine ikifoka kwa Kinyambo: "Acheni makelele, nitoleeni kwanza hii nguzo mguuni!"

Mama! Mama yangu mzazi! Nani mwingine anaangukiwa na nyumba akaanza kutoa amri? Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Nikaandika, "Ni Ihembe! Kwa mama yangu, nyumba ya udongo juu ya kanisa!" Nikatoka mbio, nikawapigia kelele wale wagombanao, nikadandia pikipiki ya kwanza. Tukaondoka msururu mzima, matope yanaturukia usoni.

Tulikuta waliokuwa karibu wameshausoma ujumbe na kufika. Migomba yote ililala chini, na watu walikuwa wanachota udongo kwa mikono. Tukaongeza nguvu, nguzo ikainuka, mama akatoka mzima, mguu umevimba. Nilimkumbatia mpaka akaniambia namuumiza.

Niliandika kila mahali kwamba ametoka. Habari hiyo, wapi, hakuna aliyehangaika kuirusha! Kesho yake asubuhi tulikuwa kwa jirani tunakula matoke, mama amekaa kwenye mkeka, pikipiki zikaingia uani kutoka Kyerwa. Ujumbe wangu wa Ihembe uliwafikia kwa kuchelewa. Wanaume wamelowa chapachapa, sepetu mikononi. Mmoja akaruka kabla pikipiki haijasimama.

"Shikamoo mama. Bibi aliyefukiwa yuko wapi? Tumekuja kumtoa."

Mama akawatazama mmoja mmoja, watu asiowajua hata kwa sura. Nikajua sasa atawatania, ndiyo kawaida yake. Akanyanyuka kwa mguu ule mbovu, akaukataa mkono wangu.

"Marahaba wanangu," akasema. "Ni mimi."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ianguke.