Majina Aliyoyatunga Muhiddin

Muhiddin wa Kikwajuni alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali mjini, na katika mwaka wa hamsini na nne maua aliyoyajua ni yale yanayouzwa Darajani kwa ajili ya nywele za wanawake: asumini, kilua, mrehani, mawaridi. Hayo tu. Lakini mkubwa wake wa kizungu alipomuuliza kama anayajua maua ya msituni, alijibu naam bila hata kumeza mate. Basi akapelekwa Jozani, kule ambako miti imesimama ndani ya maji, ayachume maua, ayakaushe baina ya magazeti, na kila moja aliandikie jina wanaloliita wenyeji.

Kijijini Pete alikabidhiwa kwa Bi Mwanakheir, mkunga wa umri wa mama yake. Bibi huyu hakutaka ujira. "Binti yangu Sichana kaolewa mjini, msituni haingii tena," alisema. "Nkifa, majina haya yanakwenda na mie. Wewe andika tu, mwanangu."

Wakaingia, maji yakiwafika kwenye miundi, Muhiddin kavitundika viatu shingoni. Bi Mwanakheir alionyesha kwa kidevu: ua dogo jeupe lililojificha chini ya majani mapana, jingine la zambarau lenye ulimi wa manjano, jingine jekundu linaloning'inia juu ya tope. Yalikuwa tisa kwa jumla. Muhiddin alipomuuliza jina la lile la kwanza, bibi alitikisa kichwa.

"Humu ndani hatuyataji. Ua likisikia jina lake, dawa yake inakimbia. Tukitoka ntakwambia moja moja."

Muhiddin alicheka kimoyomoyo. Karani mzima, mwenye kalamu ya wino, aambiwe maua yana masikio.

Walipotoka, Bi Mwanakheir alisuuza miguu, akakaa juu ya gogo kando ya barabara. Hapo walikuwapo wanaume wanne wakisubiri gari, na ndio hao hao ambao asubuhi Muhiddin aliwatambia kuwa yeye ni mtaalamu wa maua.

"Haya, niulize sasa," alisema Bi Mwanakheir.

Wanaume wakageuka kumtazama. Muhiddin aliona haya kufundishwa mbele yao na mwanamke asiyejua kusoma. "Hakuna haja, Bi Mwanakheir," alisema. "Nshayaandika yote. Mie nayajua."

Bibi alimtazama kwa mshangao, kisha uso ukamchanua. "Alhamdulillahi. Kumbe wapo wanaoyajua."

Ndani ya gari, na karatasi juu ya mapaja, Muhiddin aliyatunga. Asumini pori. Kilua maji. Mrehani tope. Akaendelea hivyo hivyo mpaka yakatimia tisa. Mkubwa wake akampa mkono wa pongezi, maua yakawekwa ndani ya kabati la kioo ukumbini, kila moja na jina lake chini kwa hati nzuri. Tangu siku hiyo Muhiddin akawa anaingia ofisini kwa mlango wa nyuma. Alijiambia kuwa hakuna aliyedhurika, lakini hakuthubutu kulitazama lile kabati.

Baada ya miezi miwili Bi Mwanakheir akaja ofisini, kajifunga kanga mpya, na Sichana nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta Sichana ayasikie. Tusomee."

Hapo ndipo angeweza kusema kweli. Badala yake akawapeleka mbele ya lile kabati. Akasoma. Bibi alikuwa kafumba macho na midomo ikimcheza; kwenye jina la pili akayafumbua, na kwenye la tatu akamtaka arudie. Muhiddin akarudia, masikio yakimwaka moto, kisha akasoma mpaka mwisho.

"Marehemu mama aliniambia mengine," alisema Bi Mwanakheir taratibu.

Muhiddin akafuta vumbi kwenye kioo.

"Labda mie ndiye niliyesikia vibaya. Nlikuwa mtoto." Akamgeukia binti yake. "Yashike hayo aliyoyasoma Bwana Muhiddin. Yangu yaache."

Sichana akaanza kuyataja kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, na mama yake akawa anayarudia nyuma yake, akikosea na kuanza tena. Muhiddin alisimama pale, aibu imemjaa mpaka machoni. Bibi alipokwama kwenye la tano, Muhiddin mwenyewe ndiye aliyemtajia lile jina la uongo.